Acheni 20 kwanza: maneno niliyowaambia wanaoanza flesheti (mchezo wa kutupa vishale kwenye kibao chenye namba), Katuba, Lubumbashi

(Wengi hamukufika siku ya posho (Jumamosi) juu ya mvua, mukaniomba niandike. Haya njo niliyosema, yote. Pale niliposimama kwenye kibao nikaonyesha kwa mkono, nimejaribu kuweka kwa maneno.)

Jambo yenu bapapa na bamama. Jambo yenu vijana. Wa kule nyuma munasikia? Basi sogeeni, viti viko.

Niwaulize swali moja. Nani hapa alisha kushika kishale mkononi, hata mara moja tu? Naona mikono, si mingi. Na nani alisha kuambiwa nyumbani kwamba flesheti ni mchezo wa walevi? Ahaa! Sasa mikono yote iko juu, hata mchungaji, aksanti mchungaji kwa kusema kweli.

Walevi wanaipenda, siwezi kukatala. Lakini walevi wanapenda mpira pia, na hakuna mtu anasema Mazembe ni ekipe ya walevi. Watu wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe, musicheke, tunaongea mambo ya maana.

Miye ni mwalimu wa hesabu, wengi munanijua, wengine niliwapa sifuri na bado wananisalimia barabarani, Mungu awabariki. Nimekuja na neno moja tu. Mtu hapendi flesheti juu ya kupiga namba kubwa, mtu anapenda flesheti juu ya kumaliza, yaani kushusha hesabu mpaka sifuri kamili. Anayekuja kutafuta namba kubwa tu anachoka baada ya juma mbili, anasema mkono wake si mzuri, anarudi kwenye karata. Anayejifunza kumaliza, yule haachi tena, utamfukuza usiku na bado atasema moja ya mwisho, moja ya mwisho.

Angalieni kile kibao vizuri. Namba 20 iko juu kabisa, si ndiyo? Na majirani zake ni nani? Kushoto 5, kuume 1. Shukeni chini mutafute 19. Majirani zake ni 3 na 7. 18 je? Iko kati ya 1 na 4. 17? Kati ya 2 na 3. Munaona ile hila? Kila namba kubwa imewekewa namba ndogo ndogo pembeni, ukikosea kidogo tu unalipa.

Sasa mtu anaanza, mkono haujui bado pa kwenda, na macho yake yanaona nini? Yanaona 20, juu pale ni pakubwa kwenye macho na kila mtu kwenye televizioni anapiga pale. Anatupa vitatu. Kimoja 20, kimoja 5, kimoja 1. Jumla? Semeni kwa sauti. 26! Kila mtu aliyecheza flesheti anaijua ile 26, mpaka na Waingereza wenyewe inawatesa. Haya, tufanye hesabu kidogo, tuache pembeni kwanza duble na triple, zile duara nyembamba zinazozidisha namba mara mbili na mara tatu. Jumlisha namba zote toka 1 mpaka 20, unapata 210. Gawa kwa 20, ni 10 na nusu kwa kila kishale. Na yule wetu wa 26, gawa kwa 3, unapata ngapi? Haifiki 9. Munasikia vizuri? Haifiki 9! Maana yake mtu aliyefunga macho, mradi vishale vyake viguse kibao popote, anamshinda yule anayelenga 20 na mkono wa mwanzo.

Nilikuwa siamini mpaka nilipoona kwa muyomba wangu, kaka ya mama. Yeye anakaa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alistaafu kazi ya mgodi, na chini ya mwembe wake kuko kibao miaka mingi. Jioni moja alikuja kijana, mwanafunzi wa iniversite, shemize nzuri, anatupa 20, 20, 20, na ubao unaandika 26, 26, tena 26, halafu 7 (siku mbaya kabisa). Na kuko mama mmoja jirani, anauza makala (makaa ya kupikia), alikuwa anaangalia tu. Akaniuliza, mwalimu, juu ya nini wote wanatupa kule juu? Upande huu wa kushoto namba zote ni nzuri. Nikamwambia mama, njoo utupe. Akalenga 14. Majirani wa 14 ni nani? 11 na 9. Akikosea juu anapata, akikosea chini anapata, vitatu vikitawanyika ni 34, wala si 26. Yule kijana alishindwa mara tatu mfululizo na mtu ambaye alikuwa hajawahi kushika kishale. Hakuna aliyemfundisha mama. Yeye anauza makala kwa mfuko na kwa sahani, anajua kukosea ni bei gani.

Kwa hiyo acheni 20 kwanza. Sisemi milele, nasema kwanza. Lenga 14, lenga 16, majirani wa 16 ni 7 na 8, si vibaya. Siku mkono wako utakapoanza kuweka viwili kati ya vitatu pale unapotaka, rudi juu kwa 20, triple yake ni 60 na hakuna kubwa kuliko ile kwenye kibao chote.

Tuingie kwenye kutupa. Lakini kabla ya kutupa, pima! Katikati ya kibao, ile nukta nyekundu, iwe metre 1 na santimetre 73 toka chini. Mstari wa kusimama uwe metre 2 na santimetre 37. Toka wapi? Toka ukutani? Hapana, toka uso wa kibao, juu kibao kina unene wake na mbao ya nyuma ina unene wake. Muombe masoni timazi yake, uiachie toka uso wa kibao mpaka chini, njo pale unaanza kupima. Na kama unataka kuhakikisha, chukua uzi toka ile nukta nyekundu mpaka kwenye mstari, moja kwa moja kupitia hewani, lazima usome metre 2 na 93. Wanafunzi wangu, juu ya nini 293? Nani anakumbuka? Pitagora! 173 mara 173, ongeza 237 mara 237, toa mzizi. Munaona, nilikuwa nawaambia itawasaidia siku moja munacheka.

Kuko baru moja, siitaji, mstari wao uko karibu na kibao, yaani hatua nzima imepungua. Pale kwao walikuwa wakali, hakuna aliyewashinda, wanapiga triple wanakunywa, wanapiga triple wanakunywa. Wakaalikwa kwetu. Jioni ile nzima walikuwa wanatoboa ukuta wa muyomba, mpaka muyomba akaenda kuleta mlango wa zamani akauweka nyuma ya kibao ili kuokoa rangi yake.

Sasa mwili. Simama, mguu wa mbele ni ule wa upande wa mkono unaotupa, uguse mstari usiupite. Uzito uende mbele kidogo, lakini usiinamie mpaka uanguke. Shika kishale kwa vidole vitatu, wengine vinne, ukishike usikiminye. Kiwiko kiwe juu na kikae pale pale. Kinachotembea ni mkono toka kiwiko kwenda mbele tu, unarudi karibu na shavu, unakwenda, vidole vinaachia, na mkono unamaliza umenyooka unaonyesha pale ulipolenga. Basi, ni hivyo tu. Usiruke. Usitupe kama unafukuza mbuzi kwenye muhogo. Metre mbili na kidogo, nguvu ya nini? Vishale vina mabawa nyuma ili vijinyooshe vyenyewe hewani, na wewe unayeanza chukua mabawa mapana, yanasamehe.

Na kati ya yote haya, kigumu ni kipi? Munafikiri kulenga. Kigumu ni kuachia. Kulikuwa Mwingereza mmoja, Eric Bristow, shampio wa dunia mara tano, ya kwanza 1980 na ya mwisho 1986. Alikuwa na majivuno yule, anaingia kwenye ukumbi wanamzomea na yeye anacheka. Mwisho wa mwaka ule ule wa 1986 mkono wake ukakatala. Anainua, anarudisha, anapeleka mbele, vidole vimefunga. Anarudisha tena. Vimefunga. Mkono haukuwa na kidonda, haukuvunjika, kichwa njo kilikuwa kinauzuia, na ni ugonjwa unaojulikana kwenye mchezo huu, umewapata wengi nyuma yake. Aliendelea kucheza lakini shampiona ya dunia hakuishinda tena.

Lakini sikieni alichofanya. Kulikuwa kijana mmoja wa eneo la Stoke, kule Uingereza, Phil Taylor, mfanyakazi wa kiwanda, kazi yake kutengeneza vishikio vya keramiki vya chooni. Bristow alimuona anatupa, akamkopesha pauni elfu 10 aache kiwanda afanye mazoezi tu. Munajua nini kilitokea? 1990, finali ya dunia, ni nani na nani? Bristow na Taylor! Na Taylor akampiga bosi wake 6 kwa 1. Alikuja kuwa shampio wa dunia mara 16, hakuna mwingine aliyefika pale. Watu wote wanamsifu Taylor, ni haki yake, lakini miye nampenda Bristow zaidi, mtu aliyenunua fimbo ya kupigiwa mwenyewe.

Kwa hiyo ukiwa kwenye mstari, fikiria mahali unapolenga, vidole usivifikirie kabisa. Ukianza kuuliza niachie sasa au niachie kidogo mbele, umekwisha. Rudi nyuma ya mstari, pumua, anza tena.

Watu wananiuliza bei. Mwalimu, ile vitu vya wazungu tutavipata wapi? Vitu vya wazungu! Angalia kishale cha bei ndogo. Sehemu ile ya kushika imetengenezwa na nini? Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba, bandugu! Hapa Lubumbashi, tunakaa juu ya shaba, tunalala juu ya shaba, tunapumua vumbi ya shaba, na mtu wa Katuba ananiambia kile kishale ni kitu cha wazungu. Na vile vya bei kubwa ni tungsteni, inatoka kwenye wolframu, na wolframu wanachimba ndugu zetu kule Kivu. Tungsteni ni nzito mara mbili na zaidi kuliko shaba ile ya zinki, kwa hiyo kishale cha grame 23 kinakuwa chembamba, na wembamba ule njo unafanya vitatu viingie pamoja kwenye triple, juu ile triple haina hata santimetre moja kwa upana, ni milimetre 8. Inatoka kwenye udongo wetu, inazunguka dunia, inarudi kwenye karatasi nzuri na bei ambayo siwezi kuisema mbele ya mchungaji.

Anza na vya shaba. Grame 22, 23, 24, usihangaike. Mkono wako wa sasa hauwezi kujua tofauti. Ncha zikichakaa zipitishe kwenye msasa kidogo, zisiwe butu zikaruka nyuma, zisiwe kali kama sindano zikararua kibao.

Kibao njo usiende kwa bei ndogo. Vile vya karatasi iliyozungushwa vinakufa mbio. Tafuta cha mkonge, na mkonge unalimwa vizuri kule inchi ya Kenya, sisemi Kenya yetu ya hapa kwa muyomba. Nyuzi zimesimama kwa wingi zimebanwa pamoja, kishale kinaingia kati ya nyuzi, ukikitoa zinajifunga. Njo maana kinadumu. Kuna watu wanakimwagia maji eti kilainike, jamani, musikimwagie maji, mkonge unavimba na kibao kinaharibika. Kila mara fungua ile duara ya waya yenye namba, zungusha kibao kidogo, rudisha namba mahali pake, ili pale chini ya 20 pasitoboke peke yake. Na watoto wasisimame karibu mtu anapotupa. Hiyo sitaki majadiliano.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kumaliza. Kama mulisinzia, amkeni.

Unaanza na 501. Kila zamu vishale vitatu, unatoa ulichopiga. Unapaswa kufika sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye duble, ile duara nyembamba ya inje, au kwenye nukta nyekundu ya katikati ambayo ni duble ya 25. Ukipita, ukibaki na 1, au ukifika sifuri bila duble, zamu ile imekufa, unarudi pale ulipokuwa. Sasa niambieni, mtu aliyepiga namba kubwa jioni nzima na hajui duble, atashinda lini?

Nilimuona kijana mmoja akicheza na muyomba. Kijana ana mkono, kweli ana mkono, alipiga 140 watu wakapiga makofi mpaka majirani wakatoka. Muyomba anapiga 45, anapiga 60, anakwenda polepole na kofia yake. Kijana akafika 40 wakati mzee yuko 48. Akasimama kutafuta duble 20. Akakosea ndani, 20 ya kawaida, imebaki 20. Duble 10, akakosea ndani, imebaki 10. Duble 5, akakosea ndani tena, imebaki 5. Na 5 inagawanyika? Haigawanyiki! Zamu imekwisha, na zamu ijayo lazima apoteze kishale kuitengeneza.

Mzee akainuka. Midomo yake inatembea, hatoi sauti. Kishale cha kwanza hakutafuta duble hata kidogo, alipiga 16 ya kawaida, kwa makusudi. 48 toa 16? 32! Yule aliyeshika chaki kuandika hesabu akafikiri mzee amekosa. Cha pili, duble 16, akagusa ndani ya waya, 16 tena, imebaki 16. Cha tatu, duble 8, ndani tena, imebaki 8. Watu wakacheka, eti mzee mkono umeisha. Kijana akarudi, akapiga 1 akabaki na 4, akatafuta duble 2 mara mbili, zote ukutani. Muyomba akainuka tena, duble 4, kishale kimoja, tu! Akaenda kukaa, akaomba chai.

Munaelewa alichofanya? 32, nusu yake 16, nusu yake 8, nusu yake 4, nusu yake 2. Ukikosea ndani mara moja bado uko kwenye duble. Ukikosea mara mbili bado uko kwenye duble. 40 inakuacha njiani kwenye 5, 32 haikuachi mpaka kwenye 2. Miaka yote nafundisha kugawa kwa mbili darasani na hakuna mtoto alinisikiliza kama walivyomsikiliza muyomba ile jioni.

Na njo pale upendo unapokuja, si kwenye 180, yaani triple 20 mara tatu. Unaanza kuona namba kila mahali. Uko kwenye taksi, mbele yako gari ina 96, unasema triple 20, duble 18. Unalipa unga sokoni, kichwa kinatafuta duble. Utajifunza kwamba 170 ni ya juu kabisa mtu anaweza kumaliza kwa vishale vitatu, triple 20 mara mbili na nukta nyekundu, na kwamba 169 haiwezekani kabisa, 168 haiwezekani, 167 inawezekana, 166 haiwezekani. Juu ya nini? Kaeni nayo nyumbani, ni kazi ya juma hili. Na ile 501 yenyewe inaweza kwisha kwa vishale 9 tu. Wa kwanza kuifanya mbele ya televizioni ni John Lowe, 1984, walimpa pauni 102,000. Kwa vishale tisa!

Bamama, niseme na ninyi kidogo. Desemba 2019, London, mwanamke anaitwa Fallon Sherrock aliingia kwenye shampiona ya dunia ya PDC, shirika la flesheti ya kulipwa, kati ya wanaume, akampiga Ted Evetts 3 kwa 2, mwanamke wa kwanza kushinda mechi pale. Watu wakasema bahati. Siku chache baadaye akampiga Mensur Suljović, mchezaji mkubwa, 3 kwa 1, na akamaliza kwenye ile nukta nyekundu. Wakanyamaza. Na vijana munaosema bado ni wadogo, Luke Littler alicheza finali ya dunia Januari 2024 akiwa na miaka 16, akashindwa. Akarudi Januari 2025 akiwa na 17 akampiga Michael van Gerwen 7 kwa 3, akawa shampio. Alikuwa kama mwenzako wa darasa la mwisho yule, usiniambie umri.

Basi. Kila siku ya posho saa nane mchana, hapa hapa, umeme ukiwepo au usiwepo, tutatupa mpaka jua lishuke. Vishale vya shaba viko sanduku zima, unachukua unarudisha. Wapya wanaanza na 301, si 501, na duble ni lazima toka siku ya kwanza, sitaki kusikia eti tuanze bila duble kwanza. Sasa ekipe mbili za mbele simameni, kila upande mtu mmoja atupe kishale kimoja kwa nukta ya katikati, aliye karibu zaidi njo anaanza, na atakayeshindwa atashika chaki kwenye mechi inayofuata na kutoa hesabu mwenyewe, bila telefone.